Sekunde Arobaini na Moja

Theluji imefunga kuba tangu Jumatatu.
Darubini imelala chini ya turubai, grisi imeganda kwenye gia,
na mimi, Ralitsa, niliyegawiwa usiku kumi na mbili kwa mwaka mzima,
naosha vikombe.

Huko juu, nyuma ya wingu, iko jozi ninayoijua kuliko binamu zangu.
Mmoja mkubwa, wa buluu, anazunguka kwa pupa
hadi kiuno kinamwaga haidrojeni,
mkanda mpana, mwekundu kwenye spektra.
Mwenzake ni mabaki tu:
uzito wa jua na zaidi,
ulioshindiliwa usizidi upana wa Sofia.
Kila siku mia na kumi na moja hupita karibu,
huchota kidogo, hung'aa kidogo, huondoka.
Safari nyingine huondoka mikono mitupu,
hata eksirei moja hatupi.

Miaka tisa nimeandika neno lile lile daftarini.
Kimya. Kimya. Mawingu. Kimya.
Ila mkanda ulikuwa unanenepa.
Niliupima: nane, kumi na moja, kumi na nne.
Nikamwambia profesa. Akasema, subiri.
Kimya kingi kina mshindo, hilo nililijua;
tarehe ndiyo sikuijua.

Saa tisa usiku ujumbe unaingia kutoka Tsukuba.
Ni Shiori, ambaye sijawahi kumwona,
tunayejuana naye kwa tarakimu na kuombana radhi:
*Imelipuka. Setilaiti inaiona tangu jana,
mara mia nne ya kawaida yake.
Tafadhali, huko unaona nini?*

Naona theluji, Shiori.
Naona koleo limesimama mlangoni.

Asparuh, fundi wetu, hajasoma hesabu za mizingo.
Anajua kuba inalia upande gani baridi ikizidi.
Amechemsha maharagwe ya Smilyan,
amevunjia pilipili kavu kwa kiganja.
"Inapiga kila baada ya muda gani?"
Sekunde arobaini na moja.
Anavua saa, anaiegemeza kwenye kikopo cha chumvi,
anashika kijiko.

                    *Ti.*

Tunangoja. Mchuzi unafanya ngozi.
Katika ngoja hiyo matrilioni ya tani yanaporomoka
juu ya ncha mbili za sumaku,
kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga,
na hakuna hata sauti.

                    *Ti.*

"Kaka yangu Zahari alikuwa hivi," anasema.
"Anakuja Pasaka, anakula, anaondoka.
Miaka saba hivyo. Halafu mwaka mmoja
akatokea Novemba, akauza shamba lote la baba."
Usiifanye Zahari, namwambia. Hii haina nia.
"Zahari naye hakuwa na nia."

                    *Ti.*

Siku ya tisa mbingu zilifunguka.
Tulikwangua barafu kwenye kuba, mikono ikachubuka,
tukaielekeza darubini.
Mkanda ulikuwa umekonda, umepasuka katikati,
vilele viwili, kimoja kirefu kuliko kingine,
kama meza baada ya wageni.
Na lile dogo, limeshiba, limeongeza mbio:
arobaini nukta tisa nane.
Mia mbili za sekunde, hakuna sikio la kuzisikia.
Nilizipigia mstari mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Najua mwanga huu uliondoka huko
kabla mtu yeyote hajapanda haragwe popote.
Najua karamu ilikwisha zamani,
yule mkubwa ameshafuma mkanda mwingine na kunyang'anywa,
na mwingine, na mwingine.
Najua pia kwamba usiku ule, safu ya "maoni",
niliiacha wazi.

Leo nimeijaza. Shiori, niwie radhi:
*Mawingu. Kijiko, saa moja na nusu.
Hakikukosea.*